SHULE HAIJENGWI MARA MOJA

Kila mwaka maembe ya Tabora yanapoanza kukomaa, watu wa Kanyenye hutazama mbingu. Wanajua kuwa mvua za Novemba ziko njiani, na zikishaanza haziagi mpaka Aprili. Mwenye nyumba hupanda juu kukagua bati lake. Mwenye duka huondoa magunia yake karibu na ukuta. Mama hutafuta ndoo ya kukinga tone linalovuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Kila mtu huangalia mali yake.

Lakini shule zetu, nani amezipandia juu kuzikagua? Hilo ndilo swali letu la wiki hii, na tunaliuliza kwa wazazi wa Kanyenye, wa Gongoni, wa Isevya, wa Ng'ambo na wa kata zote za mji huu, kwa kamati za shule, kwa madiwani, na kwa Serikali yenyewe. Twauliza kwa sababu twaona kosa moja linarudiwa kizazi baada ya kizazi, nalo ni hili: twajua sana kujenga shule, wala hatujui kuitunza.

Kila msomaji anaijua shule ya namna hii. Siku ya kufunguliwa kwake palikuwa na ngoma, viti vya kukodi, utepe, na hotuba ndefu. Ukuta ulikuwa mweupe. Baada ya miaka mitatu maji ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye paa yamechimba mtaro chini ya ukuta. Mwaka wa tano pameonekana ufa mdogo, kiasi cha kuingiza wembe. Mwaka wa saba ufa unaingiza kidole, sakafu imekuwa mashimo, na kitasa cha mlango hakipo. Mwaka wa kumi mwalimu mkuu anapeleka barua kuomba chumba kipya, kwa kuwa kile cha zamani ni hatari. Ndipo wazazi wanaitwa tena kusomba mchanga, na viongozi wanaalikwa tena kukata utepe.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo twayaandika ukutani, kisha twauacha ukuta wenyewe uanguke. Sisi hatuwezi kuyaita haya maendeleo. Huku ni kuchota maji kwa pakacha.

Tutazame nyuma kidogo tuone jinsi tulivyofika hapa.

Mji wetu si mgeni katika jambo la elimu. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920, na kwanza kabisa waliwafikiria watoto wa machifu. Humo ndimo alimosoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's kuanzia 1945 hadi 1949. Katika zama hizo shule zilikuwa chache mno, na majengo yake yakajengwa kwa mawe, matofali na fedha nyingi. Mtoto wa mpagazi na mtoto wa mkulima walikaa nje.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 wananchi walikataa mtoto yeyote kukaa nje. Wakaitikia mwito wa Uhuru na Kazi. Wakafyatua matofali, wakakata nguzo, wakaezeka. Mwaka 1974 TANU ilipokutana Musoma ilikata shauri kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Madarasa yakajengwa mbio mbio vijiji vyote. Ilikuwa kazi ya heshima, na hatutamruhusu mtu aidharau. Lakini miaka ya 1980 ilikuja na njaa ya fedha, na madarasa mengi yaliyosimamishwa kwa haraka yakaachwa bila hata debe la chokaa. Ilipofika miaka ya 1990 watoto wengi walikuwa wakikaa sakafuni, katika vyumba visivyo na madirisha.

Mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Ada ikafutwa, na wanafunzi wa shule za msingi nchini wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Madarasa yakajengwa kwa maelfu. Zikafuata sekondari za kata. Kisha likaja agizo la maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, kwa kila sekondari ya kata. Januari 2016 ikaanza elimu bila malipo, na katika mwaka huo huo taifa zima likahangaika kutafuta madawati. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19, nchi ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 katika miezi michache, kila chumba kwa shilingi milioni 20.

Haya yote ni mambo makubwa. Nchi nyingi maskini zingejivunia. Lakini hebu msomaji atazame tena hesabu hizo. Kila mara tumehesabu vyumba vilivyojengwa. Hatujasikia jukwaani hesabu ya vyumba vilivyotunzwa. Hata majengo ya mawe na matofali ya wakoloni yalichakaa kwa kukosa matunzo, mpaka Serikali ikalazimika kuanzisha kazi kubwa ya kukarabati shule kongwe nchini, zikiwamo shule za wavulana na wasichana za hapa Tabora. Ikiwa jumba la mawe limeshindwa kujitunza lenyewe, la matofali ya kuchoma litawezaje?

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo penye ukweli.

Wataalamu wengi wa majengo hushauri kwamba mwenye jengo aweke kando kila mwaka kama shilingi 2 katika kila 100 ya gharama yake, kwa ajili ya matengenezo. Tukichukua chumba cha shilingi milioni 20, matunzo yake ni shilingi 400,000 kwa mwaka. Shule ya msingi yenye watoto 800, ikifuata kipimo cha Serikali cha watoto 45 kwa chumba, yahitaji vyumba 18. Vyumba 18 mara shilingi 400,000 ni shilingi 7,200,000 kila mwaka.

Je, shule inazo? Katika MMEM kila mwanafunzi alihesabiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 2,000 zilitengewa ukarabati. Elimu bila malipo nayo ilipoanza mwaka 2016 ilishika kiwango kile kile cha shilingi 10,000. Tukitumia kipimo hicho, shule ya watoto 800 inapata shilingi 1,600,000 za ukarabati. Hiyo ni pungufu ya robo ya kinachotakiwa. Na kila mama aendaye soko la Tabora anajua kuwa shilingi 10,000 ya mwaka 2002 na shilingi 10,000 ya leo ni ndugu wa jina tu.

Kwa hiyo hatusemi kwamba walimu wakuu na kamati zao ni wazembe. Wazembe wapo, lakini hata mwenye bidii anapewa kikombe kimoja akaambiwa azime moto. Hilo Serikali ilisikie, na tutalirudia mbele.

Lakini hesabu hiyo hiyo inatufundisha jambo la pili. Milioni 20 za chumba kimoja kipya zingetosha kutunza vyumba 50 kwa mwaka mzima. Basi kila tunapoacha vyumba viwili vife kwa uzembe ili tujenge viwili vipya, tumekula matunzo ya vyumba 100. Taifa tajiri laweza kufanya mchezo huo. Sisi hatuwezi.

Tuanze na kujenga, maana matengenezo huanza siku ya kuchora msingi. Shule yenye fedha kidogo haina budi kujenga kwa akili.

Kwanza, tuache ugonjwa wa maboma. Kila kata ina kuta zisizo na paa, zilizosimamishwa kwa nguvu za wananchi zikingojea fedha za kumalizia. Mvua ya kwanza inalainisha, ya pili inamega, ya tatu inaangusha. Jasho la watu linarudi kuwa udongo, na siku nyingine ukiwaita hawaji. Kamati yenye fedha za vyumba viwili isianze vinne. Ijenge viwili, iviezeke, ivisakafie, iviwekee milango, ndipo ihesabu upya. Chumba kimoja kilichokwisha kinafundisha watoto 45. Maboma manne hufundisha mbuzi kujikinga jua.

Pili, tujue adui zetu. Katika Tabora adui wa jengo ni maji, mchwa na jua. Maji huzuiliwa kwa paa linalotokeza nje ya ukuta, kwa gata, na kwa mkanda wa zege kuzunguka jengo ili matone yasichimbe msingi. Mkanda huo ndio kitu cha kwanza kinachofutwa fedha zikipungua, na ndio hasa unaoshikilia ukuta. Mchwa huzuiliwa kwa dawa katika msingi na katika mbao kabla ya kupaua, si baada ya kenchi kugeuka unga. Jua huzuiliwa kwa kulaza jengo mashariki na magharibi, ili kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Watoto hawataungua asubuhi wala jioni, wala hapatahitajika feni.

Tatu, tusinunue rahisi iliyo ghali. Bati jembamba huokoa shilingi leo na hutoboka kesho. Heri kuezeka vyumba vichache kwa bati la geji 28. Kenchi zifungwe kwa vyuma katika lenta, maana upepo wa mwanzo wa mvua hauulizi cheo cha mkandarasi. Sakafu imwagiliwe maji kwa muda wa siku saba kabla haijakanyagwa. Maji hayo hayana bei kubwa, lakini fundi mwenye haraka huyaacha, na mwaka haujaisha sakafu inapukutika. Mahali penye udongo unaofaa yajaribiwe matofali ya kufungamana, ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, kama Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulivyofundisha. Hayachomwi kwa kuni. Mkoa wetu umekwisha poteza miti mingi katika kukausha tumbaku na kuchoma matofali. Tusiwajengee watoto shule kwa kuwaangamizia miombo na asali yao.

Nne, choo na maji si mapambo. Kipimo cha Serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 na wavulana 400 yahitaji basi matundu 20 na matundu 16, jumla 36. Ni shule ngapi za mji huu zitasimama zitoe hesabu hiyo bila kuinamisha kichwa? Msichana aliyevunja ungo, asiyepata mahali pa faragha na maji ya kujisitiri, hukaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Hakufukuzwa na mtu. Amefukuzwa na choo kibovu. Tukimjengea chumba cha tatu kabla ya kumjengea choo, tumemjengea chumba cha kukosa masomo ndani yake.

Na maji yapo juu ya vichwa vyetu. Miaka hii maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora kwa bomba, nasi twashukuru, lakini bomba lina ankara yake na mvua haina. Paa la mita 10 kwa mita 8, katika mji unaopata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, hupokea lita 72,000. Ukiondoa moja ya tano iliyopotea, zabaki zaidi ya lita 57,000. Hilo ni paa la chumba kimoja tu. Gata na tangi si anasa. Ni kisima kilichowekwa juu ya ukuta. Tena gata hiyo hiyo inayojaza tangi ndiyo inayoyazuia maji yasichimbe msingi. Shilingi moja imefanya kazi mbili.

Tano, usalama. Januari 2025 radi iliwaua wanafunzi saba shuleni katika wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita. Ni jirani zetu, na mawingu yao ndiyo yetu. Kinga ya radi iwe ndani ya mchoro na ndani ya bajeti tangu mwanzo, pamoja na milango inayofunguka kwa nje. Vitu hivi havionekani siku ya sherehe, lakini mzazi aliyefiwa huviona kila siku.

Sasa matunzo yenyewe. Hapa twatoa shauri ambalo halihitaji kungoja barua kutoka Dodoma.

Kila shule iwe na daftari la majengo. Si daftari la fedha, hilo lipo. Twasema daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila chumba, kila choo na kila tangi: kilijengwa lini, kwa bati gani, kilitengenezwa lini, na nini kinaharibika. Daftari hilo liwe mali ya shule, asiondoke nalo mwalimu mkuu anapohamishwa. Leo mwalimu mkuu mpya anaanza upya kama mgeni, na ufa ambao mwenzake aliuona mwaka juzi yeye atauona mwaka kesho.

Kila mwaka pawe na ukaguzi mara mbili: Oktoba kabla ya mvua, na Mei baada ya mvua. Kamati ya shule, mwalimu mmoja, fundi mmoja wa mtaani na wanafunzi wakubwa wachache wazunguke jengo lote kwa mguu. Misumari ya bati iliyolegea ikazwe. Gata zisafishwe majani ya miembe. Vichuguu vya mchwa vivunjwe na dawa iwekwe. Nyufa zizibwe zingali nyembamba. Bawaba zitiwe mafuta. Dawati lililolegea ligongwe msumari siku ile ile, maana dawati lenye mguu mmoja mbovu likitupwa uani halikai wiki kabla halijawa kuni. Kazi hizi nyingi hazizidi bei ya mfuko mmoja wa saruji na kilo moja ya misumari.

Katika mji wetu kipo chuo cha VETA, na wapo mafundi seremala wanaojua mninga kuliko kitabu chochote. Kamati ipatane na fundi mmoja kwa mwaka mzima, kwa malipo madogo yanayojulikana, badala ya kumwita kila mara kwa bei ya dharura. Na wanafunzi washiriki, si kama vibarua wa mwalimu, bali kama watu wanaojifunza. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea hakutaka mtoto ashike jembe ili mwalimu ale. Alitaka shule na maisha visitengane. Kijana anayejua kukaza bawaba ya darasa lake hawezi kuing'oa.

La mwisho katika shauri hili: fedha za matengenezo zitiwe katika fungu lake na zisiguswe kwa kazi nyingine, na hesabu yake ibandikwe ubaoni mahali mzazi anapoweza kuisoma. Kilichoingia, kilichotoka, kilichonunuliwa. Mwananchi haogopi kutoa, anaogopa kuibiwa.

Tunajua maneno tutakayojibiwa.

Wa kwanza atasema: elimu ni bure, kazi hiyo ni ya Serikali. Twamjibu hivi. Ni kweli kwamba Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, na alikuwa na sababu, kwa kuwa watoto wa maskini walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa deni la shilingi elfu mbili. Hatutaki siku hizo zirudi. Mtoto asiguswe kwa sababu ya mfuko wa baba yake. Lakini hakuna waraka uliomkataza mzazi kushika nyundo Jumamosi moja kwa hiari yake. Bure haina maana ya kuwa si yako. Msikiti haumtozi mtu kiingilio, wala kanisa halimtozi, na hata hivyo waumini hawaoni tone likianguka juu ya mkeka au benchi wakaliacha.

Wa pili atasema: sisi ni maskini, tukipata fedha tutatengeneza. Huyu amegeuza mambo. Tajiri ndiye awezaye kuacha mali yake ioze akanunua nyingine. Maskini ana shati moja, na kwa hiyo hulishona likingali na tundu dogo.

Wa tatu, naye huyu ndiye tunayemwogopa zaidi, hatasema kitu. Ni kiongozi anayejua kwamba gata haina utepe. Chumba kipya humpa picha na makofi. Msumari haumpi kitu. Kwake tuna neno moja. Katika siku za misafara, watu waliondoka Tabora kwa ngoma na milio ya bunduki. Lakini ngoma hazikumfikisha mtu Bagamoyo. Aliyewafikisha ni mpagazi wa Kinyamwezi aliyefunga mzigo wake upya kila alfajiri kabla ya kuutwika. Wananchi wa mji huu ni wajukuu wa wapagazi hao. Wanajua kutofautisha ngoma na mzigo, na siku ya kura wataonyesha kama bado wanajua.

Na sasa Serikali, maana hatutaki kuwaambia wazazi tu.

Twaitaka Serikali itambue kwamba ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto imezeeka. Ilipangwa kwa bei za miaka ya mwanzo ya 2000, na katika miaka ya kabla ya 2016 mara nyingi ilifika shuleni ikiwa pungufu na imechelewa. Ipandishwe, ifike kabla ya Oktoba na si baada ya mvua kwisha, na sehemu ya ukarabati ijulikane wazi.

Twataka pia kila mradi wa kujenga uje na fungu lake la matunzo. Vyumba 15,000 vya mwaka 2021, kwa bei ya milioni 20 kila kimoja, ni mali ya shilingi bilioni 300. Matunzo yake kwa kipimo tulichotaja ni shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Mkopo ulitujengea, lakini hauji kupaka rangi. Anayesaini kujenga bila kusaini kutunza ameweka saini nusu.

Na Manispaa ya Tabora nayo iwe na mhandisi mwenye zamu ya kuzunguka shule zote kwa ratiba, asingoje kuitwa siku paa limeng'oka. Mwalimu mkuu asilaumiwe kwa ufa wa msingi. Hakusomea msingi, alisomea kufundisha.

Twajua kwamba shauri hili halina utamu. Kuambiwa utengeneze kabla hujajenga ni kama kuambiwa ule kiporo siku ya sikukuu. Lakini mji huu umezoea mashauri magumu. Januari 1958, hapa hapa Tabora, TANU ilikata shauri la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mzalendo aliuchukia. Walikuwapo waliotaka kususa, na sauti zao zilikuwa na utamu zaidi. Mkutano ukachagua njia isiyo na makofi, na njia hiyo ikawafikisha wananchi kwenye Uhuru mapema. Baadaye watu wakauita uamuzi wa busara. Sisi twaomba uamuzi mdogo kuliko ule, lakini wa busara ile ile.

Anayetaka kuona mfano asiende mbali. Aende Kwihara, mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872, atazame lile tembe. Ni kuta za udongo, si zege wala chuma. Watu wa zamani waliojenga kwa udongo walijua kwamba udongo ukiachwa unarudi ardhini, na kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua walipanda juu ya matembe yao kuongeza udongo na kuziba. Hawakuwa na bajeti wala mfadhili. Walikuwa na desturi. Nyumba iliyokosa mtu wa kupanda juu ilianguka, hata kama mwenyewe alikuwa mtu mkubwa.

Desturi hiyo ndiyo tunayoiomba irudi, safari hii kwa ajili ya watoto. Basi Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, kila mzazi wa Kanyenye mwenye nyundo aende nayo shuleni. Asiye na nyundo aende na fagio. Asiye na fagio aende na macho yake, atazame paa, atazame ukuta, atazame choo cha binti yake, kisha aulize kamati: daftari liko wapi?

Uhuru na Kazi. Na kazi ya kutunza ni kazi.